Bada Ndani ya Rejeta

Mama Janeth alipokwenda Zirai kumzika shangazi yake, aliacha ng'ombe zizini. Aliporudi baada ya siku tisa, zizi lilikuwa tupu, na uani kulikuwa na kirikuu cheupe chenye mlango mmoja wa bluu. Chini ya kigari kile ilichomoza miguu ya mumewe, Anord, nayo ilikuwa imevaa viatu vya ibada.

"Umerudi, mama?" sauti ikatokea chini. "Nimekuletea gari."

Beatha, maana hilo ndilo jina alilobatizwa, hakutua mzigo. Alilizunguka gari mara moja, akachungulia mbele, akachungulia nyuma, akainama akatazama hata tumboni.

"Linakamuliwa wapi?" akauliza.

Ile miguu ikajivuta ndani.

Huyo ng'ombe aliitwa Kipusa. Beatha alimpata angali ndama, kutoka kwenye kikundi cha akina mama wa usharika wao hapo Kwai, akamlea miaka minne kwa majani ya gwatemala aliyoyakata kwenye matuta na kuyabeba kichwani, mvua na jua, hata utosi wake ukapata kibonde. Katika nyumba ile shamba lilikuwa la Anord, nyumba ya Anord, kitanda cha Anord, na redio ya Anord. Kipusa peke yake ndiye aliyekuwa wa Beatha. Basi Anord akamuuza huyohuyo, tena wiki ya msiba, kwa jirani yao Ibrahimu wa ng'ambo ya bonde, na fedha yake akanunulia lile gari bovu. Kila asubuhi Beatha akifungua mlango anamwona ng'ombe wake upande wa pili, na mke wa Ibrahimu, Rukia, amechuchumaa chini yake na ndoo. Kuna wanawake wameibiwa wakawa hawajui mwizi yuko wapi. Beatha alijua, maana alikuwa anampakulia chakula.

Sasa, gari bovu si dhambi. Magari mengi ya milimani ni mabovu, na yana mafundi wake. Lakini Anord alikuwa mtu wa kuamini kwamba aliyeweza kutia mpini kwenye jembe anaweza kutia chochote kwenye chochote.

"Fundi ni mtu kama mimi," alisema. "Tofauti yetu ni ovaroli."

Akanunua ovaroli.

Alianza na breki. Alizifungua Jumatatu, akazifunga Jumatano, na zilipokwisha kufungwa zikabaki nati tatu kwenye bakuli. Beatha akamwonyesha.

"Hizo ni za akiba," akasema Anord. "Kiwandani huwa wanazidisha."

Tangu siku hiyo gari likawa linasimama pale linapopenda, na kwenye mlima halisimami kabisa mpaka liwekewe gogo nyuma ya tairi. Kazi ya gogo akapewa Beatha. Alipanda nyuma juu ya kabeji, gogo la mkaratusi limelala mapajani kama mtoto mchanga, na gari likianza tu kusita, anaruka chini na kulikinga. Mwanamke wa miaka arobaini na saba.

Baada ya breki akaja kwenye taa za nyuma. Alipomaliza, taa haziwaki, lakini kila anapokata kona ya kushoto, honi inapiga. Na barabara ya kutoka Kwai kwenda Lushoto, asiyeijua, ni kona. Hapo ndipo fedheha ilipoanza. Milimani mtu hampigii mkubwa wake honi akapita zake. Unapunguza mwendo, unatoa kichwa, unasema shikamoo, unasubiri marahaba. Anord akawa anawapigia honi wazee, wajane, mchungaji, na watu walio katika kumswalia maiti. Wenye heshima zao wakaenda kumshtaki kwamba gari limempa kiburi. Siku moja mzee mmoja alisimama katikati ya barabara, akampigia yowe: "Na mimi nikupigie nini? Nikupigie filimbi?"

Beatha, kule juu ya kabeji, alikuwa akiitikia kwa niaba. "Shikamoo babu! Shikamoo bibi! Ni gari hilo, si sisi!" Kushoto, honi, shikamoo. Kushoto, honi, shikamoo. Wakifika gulioni Lushoto sauti imemkauka, hawezi hata kuitangaza bidhaa.

Alivumilia miezi mitano. Mwezi wa sita akaenda kwa mzee wa kanisa, Timotheo, akashtaki. Timotheo alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja na jibu moja. Jibu lilikuwa "mvumilie". Lakini safari hii Beatha aliomba waje nyumbani, na Ibrahimu pia aitwe, na walipokuja akawapa chai ya rangi.

Timotheo akaitazama kikombeni. "Maziwa hakuna, Mama Janeth?"

"Yako uani, mzee. Yana matairi manne."

Ibrahimu akacheka mpaka akamwaga chai. Alikuwa mtu wa haki, Ibrahimu, mfanyabiashara wa karoti, na alichokitaka hasa tangu mwanzo ni kigari cha kubebea karoti zake. Ng'ombe alimnunua kwa kuwa aliletewa.

"Mimi nasema hivi, shemeji," akamwambia Beatha, kisha akamgeukia Anord. "Nipe gari hili kama lilivyo, na bakuli lake la nati, uchukue ng'ombe wako. Ila uamue mapema. Jumamosi kuna mtu wa Shume anakuja kumchukua. Akishafika Shume, mimi simjui tena."

Beatha akatua birika. Jumamosi! Alimtazama mumewe, na mumewe akawa anaitazama ovaroli yake.

"Gari langu ni zima," Anord akasema.

"Zima?" akauliza Timotheo. "Anord, Jumapili tulikusukuma baada ya ibada. Kwaya nzima. Sauti ya pili wakapasuka viatu."

Hapo wote wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza Anord. Angenyamaza, yangeisha. Badala yake akasimama.

"Alhamisi ni gulio," akasema. "Nitapakia karoti hapa, nitapanda Magamba, nitateremka Lushoto, na hakuna mkono wa mtu utakaolisukuma gari langu. Likisukumwa hata hatua moja, Ibrahimu alichukue palepale, na ng'ombe arudi. Mzee Timotheo panda nawe, uwe shahidi."

"Na lisiposukumwa?" akauliza Beatha.

"Basi sitaki kusikia tena habari za ng'ombe katika nyumba hii."

Wakashikana mikono.

Ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi Anord akagundua kwamba rejeta inavuja. Haikuwa imetoboka sana, ni tone, tone, tone, lakini ukijaza maji hapa Kwai, ukifika mlimani imebaki mvuke. Mtu mwingine angempelekea fundi aichomelee. Anord aliketi juu ya ndoo akafikiri. Aliwahi kusikia kwamba madereva wa bondeni hutia yai ndani yake, likaziba. Akaja jikoni kuomba mayai.

"Kuku wanalalia," akasema Beatha.

Anord akazunguka zunguka, akagusa sufuria, akagusa ungo, kama mgeni. Kisha macho yake yakatua kwenye ndoo ya unga.

"Hivi huu unga," akasema, "upi unaoshika zaidi? Ule ukikauka kwenye sufuria, mtu anakwangua mpaka jioni?"

Beatha akaacha kuchochea moto. Alimtazama mumewe, akaitazama rejeta iliyokuwa imesimamishwa mlangoni, akaelewa. Akaelewa yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu yeye ni mtoto wa Zirai, na huko mtu anajua kusonga bada, ugali wa muhogo, kabla hajajua kusema kwaheri. Unga wa muhogo kwenye maji baridi ni maji tu yaliyochafuka. Hukaa chini, kimya, kama mtu mpole. Uupe moto sasa. Huvimba, hukaza, huvuta, na mwiko wenyewe huomba msaada. Hilo kila mwanamke analijua. Mwanamume ambaye hajawahi kusimama mbele ya sufuria tangu azaliwe, ambaye chakula kwake ni kitu kinachotokea mlangoni kikiwa kimeiva, huyo ndiye peke yake angeweza kutojua.

"Bada," akasema Beatha. "Bada ndiyo inayoshika. Mama yangu kaniletea mpya kutoka Zirai, laini."

"Nipimie bakuli mbili."

Akampimia bakuli mbili. Akazijaza vizuri, akazisawazisha kwa kiganja. Hakusema uongo hata neno moja.

Anord akairudisha rejeta, akakoroga unga kwenye maji ya baridi, akamimina, akajaza, akafunika. Akalala chini akangoja. Tone halikuja. Akangoja tena. Kukavu!

"Mama Janeth! Njoo uone! Nimeziba!"

"Naona," akasema Beatha.

Alhamisi saa moja asubuhi wakatoka. Anord kwenye usukani, Timotheo pembeni yake ndani ya suti, Beatha nyuma juu ya magunia ya karoti na gogo lake. Ibrahimu akafuata kwa pikipiki, taratibu, kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Kona ya kushoto, honi. "Shikamoo mama!" Kona ya kushoto, honi. "Marahaba!" akaitikia Timotheo, maana safari hii aliyepigiwa alikuwa kijana.

Mahali pa tambarare gari lilikwenda vizuri. Lilikwenda vizuri mno, na Beatha akaanza kuogopa. Je, kama bada haikutosha? Angeongeza bakuli la tatu. Akatazama nyuma, ng'ambo ya bonde, akaona doa jeusi na jeupe kwenye majani. Kesho kutwa Jumamosi.

Kisha wakaanza kupanda Magamba.

Dirisha dogo la nyuma halikuwa na kioo, kwa hiyo Beatha alisikia kila neno. Wa kwanza kusema alikuwa Timotheo.

"Anord, nasikia harufu ya ugali."

"Kuna nyumba za watu hapa, mzee."

Timotheo akatazama kulia, akatazama kushoto. "Hapa ni msitu."

"Basi ni wachoma mkaa, wanasonga."

"Harufu inatufuata."

Gari likakata kona, na harufu ikakata kona nayo. Ikawa nzito, tamu, ya kukaribia kuungua. Beatha angeweza kufumba macho akasema imefika wapi: sasa imeanza kuvimba, sasa inashikana, sasa ni wakati wa kupunguza moto. Mbele ya gari ukaanza kutoka mvuke. Anord akakanyaga mafuta, akaegemea usukani kwa kifua kana kwamba yeye ndiye anayevuta. Kutoka pale hadi kileleni zilibaki hatua kama hamsini, na akishavuka kilele ni mteremko mpaka Lushoto, hata gari lililokufa lingefika.

Ndani ya rejeta kitu kikasema *bwaa*. Gari likakohoa, likatetemeka, likazima.

"Gogo!" akapiga kelele Anord.

Beatha alikuwa ameshashuka. Akakinga gogo nyuma ya tairi, gari likaegemea, likatulia. Ibrahimu akasimamisha pikipiki pembeni, akakunja mikono.

"Linapumua tu," akasema Anord kupitia dirishani. "Likipoa tunaondoka. Hakuna mtu kugusa!"

Lakini ilikuwa siku ya gulio, na barabara nzima ilikuwa imejaa watu na mizigo kichwani. Na watu wa milimani wana desturi yao: gari lililokwama halipitwi. Awe adui yako, awe anakudai ng'ombe, unatua mzigo, unasukuma, kisha mnaendelea na ugomvi wenu. Wakaanza kutua. Matenga ya pea, ndoo za matunda damu, kuku waliofungwa miguu, vyote vikapangwa ukingoni. Wanaume wakakunja suruali. Akina mama wakajifunga kanga upya.

"Msiguse!" akalia Anord. Akatoka nje mbio, akatanda mikono nyuma ya gari. "Asanteni jamani, msiguse! Tumepumzika!"

"Mmepumzika katikati ya mlima?" akauliza mmoja.

"Tunaangalia mandhari!"

Mbele yao akajitokeza bibi mmoja mfupi, jina lake Modesta, mwenye mzigo wa kabeji mgongoni.

"Shikamoo bibi," akasema Anord.

"Marahaba. Sogea nisukume."

"Hapana, bibi, tafadhali."

"Mtoto wa nani wewe? Mimi nimesukuma magari hapa tangu mama yako hajavunja ungo. Nimesukuma basi. Nimesukuma gari la bwana shamba, likiwa na bwana shamba. Leo wewe unaniambia mikono yangu ni michafu?"

"Si hivyo bibi, ni kwamba nimeweka nadhiri."

"Nadhiri ya kukaa njiani?"

Watu wakacheka. Na hapo ndipo gogo likalia, *krii*.

Lilikuwa limeoza upande mmoja, lile gogo, kwa miezi mitano ya kutupwa kwenye tope. Gari likarudi nyuma kidogo, kiasi cha kiganja. Nyuma yake barabara inapinda, na pale inapopinda hakuna kitu ila hewa, na chini ya hewa ni shamba la watu. Ndani ya gari Timotheo alikuwa akihangaika na mlango wa bluu, ambao Anord alikuwa ameutengeneza mwenyewe, na tangu hapo haufunguki kwa ndani.

"Mama Janeth!" akalia Anord, sasa amelisukumia gari bega yeye mwenyewe. "Mawe! Leta mawe!"

Kando ya barabara kulikuwa na rundo zima la mawe ya kutengenezea mtaro. Matatu tu yangetosha. Gari lingekaa, lingepoa, na Anord angepata siku nzima ya kubuni jambo jingine, na Jumamosi ingefika. Beatha aliyatazama yale mawe. Akayatazama vizuri.

"Hayo ni ya barabara," akasema. "Mimi sijawahi kuchukua kitu cha mtu bila kumuuliza."

Anord akageuza shingo, akamtazama mkewe. Labda ndiyo mara ya kwanza tangu wiki ile ya msiba kumtazama usoni. Gogo likasema tena *krii*.

"Anord!" ikatoka sauti ya Timotheo. "Sema neno! Nina wajukuu!"

Jasho likamtoka Anord, likamwingia machoni. Akatazama juu kileleni, hatua hamsini. Akatazama chini kwenye hewa.

"Sukumeni!" akalia. "Sukumeni, jamani, tunakufa!"

Wakasukuma, Anord akarukia usukani. Walikuwa watu thelathini, na Bibi Modesta katikati yao na kabeji zake mgongoni, akihesabu kwa sauti. Beatha naye akasukuma, tena alisukuma kuliko wote. Gari likavuka kilele. Ibrahimu akapita kando ya Beatha na pikipiki, akamwambia kwa upole, "Nimeona, shemeji. Na mzee ameona."

Waliteremka Lushoto bila injini, kimya, isipokuwa kwenye kona za kushoto.

Gari lilipoingia kwenye gereji ya Twaha, fundi wa Ibrahimu, Twaha akasikiliza hadithi yote, akafungua mfuniko wa rejeta, akachungulia. Akachukua bisibisi, akachovya, akavuta. Kikatoka kitu cha kijivu, kinavutika, kinang'aa, kimeiva vizuri sana.

Twaha akakinusa. "Mboga iko wapi?" akauliza.

Gereji nzima ikaja kutazama. Wengine walikigusa kwa kidole. Mmoja alisema kimepungua chumvi. Anord akamgeukia Beatha, ovaroli imemlowa.

"Wewe ndiye uliyenipa huu unga!"

"Uliomba unga, nikakupa unga. Ungeomba akili ningekuazimia kwa jirani."

Timotheo, ambaye alikuwa ametolewa kwa kupitia dirishani na suti yake imechanika kwapani, alimvuta Beatha kando. "Mama Janeth, niambie kweli. Ulijua?"

"Aliniuliza unga upi unashika, mzee, nikamjibu. Ukipata moto unakuwaje, hakuniuliza." Akafikiri kidogo. "Na habari za kuuza ng'ombe hakuniuliza kabisa."

Timotheo alifungua mdomo kusema lile jibu lake, akaona haya, akaufunga.

Ijumaa asubuhi Rukia mwenyewe alimvusha Kipusa bonde kwa kamba, wakasalimiana na Beatha muda mrefu, wakashikana mikono kama watu waliolea mtoto mmoja. "Nimempandisha," Rukia akamwambia. "Ana mimba ya miezi minne. Sikutaka aondoke."

Beatha hakumwingiza zizini. Alimfunga kwenye mti nje ya ofisi ya mtendaji wa kijiji, akaingia ndani na Timotheo na Anord, akataka iandikwe karatasi kwamba ng'ombe huyu ni wa Beatha, si wa nyumba, wala si wa mume, ni wa Beatha, na asiuzwe mwenye ng'ombe akiwa msibani, wala akiwa shambani, wala akiwa amelala. Mtendaji aliandika yote. Anord, aliyesoma mpaka darasa la saba, akatia sahihi yenye mikia mirefu, akasukuma karatasi. Beatha hakusoma hata darasa moja. Kaka zake ndio waliosoma. Akachovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza kwa nguvu mpaka meza ikalia. Kisha akachovya tena, akabonyeza pembeni.

"Moja linatosha, mama," akasema mtendaji.

"Hilo la kwanza ni la ng'ombe," akasema Beatha. "Hili ni la ndama."